Historia ya Ramani za Mimea Afrika Mashariki na Tatizo la Istilahi Zake

Utangulizi

Haipiti miezi mingi kabla ya mfasiri wa Kiswahili kukabidhiwa waraka unaohusu misitu, ardhi au hifadhi ya mimea. Waraka huo huwa umeandikwa na mabingwa wa sayansi, umejaa majina ya Kilatini na hesabu za picha zilizopigwa kutoka angani, na hutakiwa urudishwe katika lugha ya Taifa upesi iwezekanavyo ili ufike vijijini. Mfasiri hana nafasi ya kuuliza ramani iliyomo ndani ya waraka ilitengenezwaje wala kila neno lililoko katika ufunguo wake lina asili gani. Makala haya yanakusudia kumsaidia mfasiri huyo, pamoja na mwalimu na mtumishi wa serikali anayeutumia waraka wenyewe, kwa kueleza kwa ufupi historia ya ramani za mimea katika sehemu zetu, tangu siku za watu waliotembea kwa miguu hadi siku za setilaiti, na kuonyesha kwamba tangu mwanzo kazi hiyo imetegemea lugha kuliko inavyodhaniwa.

Nina sababu ya pekee ya kuliandika jambo hili. Miaka michache iliyopita nilitafsiri fomu ya kukusanyia habari za miti. Lugha ya asili ya fomu hiyo ilikuwa na maneno mawili tofauti: moja la msitu ambao matawi ya miti yake yamefungana juu, na jingine la mahali ambapo miti imeachana na nyasi zinaota katikati yake. Kwa haraka niliyokuwa nayo, yote mawili niliyaandika "msitu". Ramani ilipotoka na kupelekwa katika kijiji kimoja, mashamba ya kale yaliyokuwa yamepumzishwa yalipakwa rangi ya "msitu ulioharibiwa". Nilikuwapo mkutanoni. Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hapa alilima baba yangu, nami nikapaacha papumue. Sasa maandishi yanasema nimeharibu msitu. Msitu huo aliuona nani?" Sikuwa na jibu. Ramani haikukosea kuhusu miti iliyokuwapo. Neno ndilo lililokosea, na neno lilikuwa langu.

Waliotembea kwa miguu

Ramani ya mimea huanza na nukta moja. Mtu anasimama mahali fulani, anauona mmea, anauchuma, anaukausha kati ya karatasi na kuandika kando yake jina, mahali, tarehe na jina la aliyeuchuma. Karatasi hiyo huhifadhiwa katika hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, nayo hubaki kuwa ushahidi kwamba mmea huo uliota pale siku ile. Ramani zote zilizofuata, hata zile zinazotengenezwa leo kwa kompyuta, zimesimama juu ya nukta za namna hiyo.

Katika Afrika Mashariki nukta hizo zilianza kuwa nyingi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 Adolf Engler, mtaalamu wa mimea wa Berlin, alitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya Afrika Mashariki kutokana na vielelezo vilivyopelekwa Ujerumani na wasafiri na maofisa. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa amekusanya huko Usambara ua dogo la zambarau ambalo mwaka 1893 lilipewa jina la kitaalamu Saintpaulia kwa kumkumbuka yeye. Ua hilo sasa limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, na hebaria yake ikawa chimbuko la Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Habari ya vielelezo vya Berlin inafaa ikumbukwe na kila anayedhani kwamba kumbukumbu zikiwekwa mbali zimesalimika. Mnamo Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya vielelezo vyake ikaungua, vikiwamo vingi vya kutoka Tanganyika vilivyokuwa msingi wa majina ya kitaalamu. Vilivyosalimika ni vile ambavyo nakala zake zilikuwa zimegawiwa mahali pengine. Nukta nyingi za ramani yetu ziliteketea kwa usiku mmoja, katika vita isiyokuwa yetu.

Wakusanyaji hawa hawakutembea peke yao. Walikuwapo wachukuzi, viongozi wa njia na wazee walioulizwa, "Mti huu mnauitaje?" Majibu yao yaliandikwa kando ya vielelezo, aghalabu bila majina ya waliojibu. Kutokana na hazina ya namna hiyo, P.J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, kisha ikatolewa tena mwaka 1940 ikiwa na majina ya Kiswahili, ya kitaalamu na ya Kiingereza. Ni kazi ambayo mkuza istilahi hana budi kuiheshimu. Hata hivyo ina upungufu mmoja: katika orodha ya namna hiyo jina la Pwani na jina la bara hukaa pamoja chini ya neno "Kiswahili", na msomaji hawezi kujua daima ni nani alilitamka na alikuwa wapi.

Ramani za kwanza na maneno yaliyotoka kwetu

Kati ya vita vile vikuu viwili walitokea watu waliotaka kuona si mmea mmoja mmoja bali namna mimea inavyoifunika nchi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliona katika miaka ya 1930 kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kileleni hadi bondeni, kilima baada ya kilima, na mimea hubadilika pamoja nao. Chini kabisa ya mfululizo huo kulikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hujaa maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wenyeji walipaita mahali hapo mbuga, na wataalamu wakalichukua neno hilo wakaliingiza katika maandishi yao ya Kiingereza.

B.D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o Tanganyika, alizunguka sehemu kubwa ya bara akieleza jamii za mimea, kwa kuwa mbung'o hafuati mipaka ya wilaya bali hufuata vichaka. Alifariki dunia katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa ameuongoza utafiti huo kwa miaka mingi, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1942. Clement Gillman, mhandisi aliyekuja nchini mwaka 1905 kwa ajili ya ujenzi wa reli, aliitumia miaka yake yote ya kazi kuandika alichokiona njiani. Alifariki mwaka 1946, na ramani yake ya aina za uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949. Jambo la kusifiwa katika ramani hiyo ni kwamba uoto uliotokana na kazi za binadamu ulipewa fungu lake. Haukuhesabiwa tu kuwa msitu ulioharibika. Laiti ningeisoma ramani hiyo kabla ya kutafsiri fomu yangu!

Ni wakati huo maneno yetu yaliposafiri. "Miombo", jina la miti ya jenasi ya Brachystegia katika lugha kadhaa za Kibantu za bara, sasa ni istilahi ya kimataifa kwa uoto unaoenea kutoka Tanzania hadi Angola na Msumbiji. Msomi wa nchi yoyote anayeandika kuhusu mimea ya Afrika hulitumia bila kulitafsiri. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha zetu huazima tu, zimekopesha pia. Ajabu ni kwamba neno "mbuga" lilipokuwa likipata maana sahihi ya kitaalamu katika maandishi ya Kiingereza, kwetu lilikuwa likihamia upande mwingine, hadi leo wengi walisikiapo hufikiri mara moja juu ya wanyama na watalii. Mwanafunzi anayesoma kwamba mpunga hulimwa mbugani hushangaa.

Kuangalia kutoka juu

Baada ya vita picha zilizopigwa kwa ndege zilianza kutumiwa kwa wingi katika uchoraji wa ramani. Faida yake haina ubishi: eneo ambalo mtu angelitembea kwa mwezi mzima liliweza kuangaliwa mezani kwa siku moja. Lakini historia yetu inalo onyo kubwa kuhusu kuangalia kutoka juu bila kuuliza chini. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikagua kwa wiki tisa, na kwa sehemu kubwa kwa ndege, nchi ambazo zingelimwa karanga. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Vichaka vya Kongwa vilionekana rahisi kufyekwa. Vilipoguswa, mizizi yake iliyosukana ilivunja mitambo, na udongo wake uligeuka mgumu kama saruji mvua ilipokatika. Mvua yenyewe haikutosha, jambo ambalo Mgogo yeyote angelieleza bila malipo. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa paundi milioni 36 hivi.

Haifai kusema kwamba ndege ndiyo iliyoleta hasara hiyo. Zilikuwapo sababu nyingi, haraka ikiwa mojawapo. Lakini somo lake kwa mada yetu ni wazi: picha ya juu huonyesha sura ya kichaka, haisemi kichaka hicho ni cha namna gani.

Setilaiti

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo ambao baadaye uliitwa Landsat. Ilizunguka dunia na kurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18, ikipima mwanga unaorudishwa na ardhi katika vimraba vya mita 80 hivi. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji, ramani na uhisi wa mbali ili nchi za sehemu hii ya Afrika zisitegemee ughaibuni kwa kila picha. Tangu mwaka 2008 picha za Landsat zimetolewa bure kwa yeyote anayezihitaji, na tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zimekuwa zikileta picha zenye vimraba vya mita 10.

Ni muhimu mfasiri aelewe setilaiti huona nini, maana asipoelewa hataweza kuchagua neno. Setilaiti haioni mninga wala mpingo. Hupima mwanga. Jani bichi lenye umbijani hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, nalo hurudisha kwa wingi miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga huo, ambayo jicho la binadamu haliioni. Ukichukua kiasi cha infraredi ukatoa kiasi cha mwanga mwekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya vyote viwili, unapata namba ambayo haiwezi kuzidi moja. Namba ikiwa kubwa, pana majani mengi mabichi. Ikikaribia sifuri, ni udongo mtupu au nyasi zilizokauka. Hesabu hiyo fupi, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1970, ndiyo msingi wa ramani nyingi za kijani tunazoziona ofisini.

Sasa zingatia namna hesabu hiyo inavyoweza kumdanganya asiyeijua nchi. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, halafu kabla mvua haijanyesha huchipua majani mapya mekundu. Anayesoma picha za miezi hiyo bila kuujua mti anaweza kudhani msitu umekufa. Huko Pemba, mikarafuu mikubwa iliyoshonana hung'aa kijani kama msitu wa asili. Huko Usambara Mashariki, wakulima wamelima iliki chini ya miti mikubwa: ukitazama kutoka juu, msitu umekamilika, ukiingia ndani, mimea ya chini imekwisha. Huko huko, mti wa Maesopsis eminii, ambao asili yake ni upande wa magharibi hadi Uganda, ulipandwa wakati wa ukoloni, kisha ukaenea wenyewe ndani ya msitu uliokatwa miti. Kijani ni kile kile, lakini mimea si ile ile.

Kukutanisha nukta na picha

Wakati setilaiti zikizunguka, kazi ya kuchuma na kukausha mimea haikukoma. Kitabu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilichosimamiwa na bustani ya Kew, Uingereza, kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, miaka 60 baadaye, kikiwa kimeeleza zaidi ya spishi 12,000. Mwaka 1983 UNESCO ilichapisha ramani ya uoto wa Afrika nzima iliyotungwa na Frank White kwa kushauriana na wataalamu wa mimea wa nchi nyingi. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilitangaza hazina iitwayo RAINBIO, iliyokusanya zaidi ya kumbukumbu 600,000 za mimea ya Afrika ya tropiki, za zaidi ya spishi 25,000, kila moja ikiwa na mahali pake.

Njia inayotumika siku hizi ni kuvikutanisha vyote viwili. Nukta za wakusanyaji na viwanja vya sampuli huwekwa juu ya picha za setilaiti pamoja na habari za mvua, joto na mwinuko. Kompyuta hutafuta uhusiano: spishi hii imeonekana mahali penye mvua kiasi hiki na kijani cha namna hii; basi ni wapi pengine penye hali kama hiyo? Jibu lake ni ramani ya mahali ambapo mmea unaweza kuwapo, na neno "unaweza" halipaswi kudondoshwa na mfasiri. Tena nukta zenyewe hazikusambaa sawasawa. Zimejaa kandokando ya barabara, karibu na vituo vya utafiti na katika milima yenye sifa, nazo ni chache mno katika nyika pana. Mahali palipo peupe kwenye ramani pengine pana mimea mingi. Ila hakuna aliyepita.

Hatari ya kutopita ni ya kweli. Erythrina schliebenii ni mti wa kusini mwa Tanzania uliopewa jina la Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea Tanganyika katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 uliorodheshwa kimataifa kuwa umetoweka. Ulionekana tena mwaka 2001, kisha hofu ya kupotea ikarudi, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena mwaka 2011, ukiwa umebaki miti michache sana. Hakuna setilaiti iliyoweza kuutofautisha na miti jirani yake. Setilaiti iliweza kuonyesha kwamba vipande vya msitu bado vipo katika sehemu hizo. Kuujua mti kulihitaji mtu aliyesimama chini yake.

Mfano wa mikoko

Mfano bora wa kukutana kwa elimu ya juu na elimu ya chini uko Pwani. Mikoko ni rahisi kutambulikana kutoka angani, kwa kuwa huota ukingoni mwa bahari kama utepe wa kijani usiopukutika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara ulioandaliwa na Adelaida Semesi na kutolewa mwaka 1991 ulitumia picha za ndege na ukaguzi wa nchi kavu, na kuonyesha kwamba mikoko ilifunika zaidi ya hekta 115,000, karibu nusu yake ikiwa katika delta ya Rufiji. Siku hizi ramani za mikoko ya dunia nzima hutengenezwa kwa picha za Landsat pamoja na rada, ambayo hupenya mawingu.

Lakini muulize mkata boriti wa Rufiji au Lamu, naye hatakwambia "mikoko" tu. Atakwambia mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi ya matao. Msinzi ni mwingine, mkandaa mwingine, mchu mwingine. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari kuu, mkomafi hupenda palipo na maji baridi kidogo, na msikundazi hukaa nyuma karibu na nchi kavu. Wataalamu wanayo majina yao kwa kila mmoja: Rhizophora mucronata, Bruguiera gymnorrhiza, Ceriops tagal, Avicennia marina, Sonneratia alba, Xylocarpus granatum na Heritiera littoralis. Majina ya Kiswahili yanalingana nayo mti kwa mti. Hata miti iliyokatwa hupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Msamiati huo ulijengwa na biashara ya karne nyingi, majahazi yakipeleka boriti Oman na nchi za Ghuba ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti hizo nje mwaka 1982, lakini maneno yamebaki.

Hapo tunaona jambo la kututia moyo na la kutusikitisha. La kututia moyo ni kwamba Kiswahili tayari kinaweza kuisema ramani ya mikoko kwa usahihi ule ule wa Kilatini. La kusikitisha ni kwamba nyaraka nyingi zinazotafsiriwa huandika "mikoko" kwa kila kitu, kwa sababu waraka wa Kiingereza una neno moja. Mfasiri anamfuata Mwingereza na kumwacha Mrufiji.

Majina hugeuka

Wapo watakaosema kwamba majina ya wenyeji hayategemeki, kwa hiyo tutumie Kilatini peke yake. Ni kweli kwamba yana matatizo. Mti mmoja huwa na majina mawili: mkongo na mbambakofi ni Afzelia quanzensis, mninga wa Tabora ni mtumbati kwa watu wa kusini. Jina moja nalo huwa na miti miwili, kama msufi, ambao watu hulazimika kuutofautisha na msufi mwitu.

Lakini majina ya Kilatini nayo hugeuka. Mvule uliitwa Chlorophora excelsa, sasa ni Milicia excelsa. Mgunga ulikuwa Acacia. Baada ya uamuzi wa mkutano wa kimataifa wa mwaka 2005, uliothibitishwa mwaka 2011, migunga ya Afrika iligawiwa katika jenasi za Vachellia na Senegalia. Hata Saintpaulia mwaka 2015 iliingizwa ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Mvule na mgunga vimebaki pale pale vinywani mwa watu. Kwa hiyo aina zote mbili za majina zahitajiana, na kila moja ni ushahidi wa nyingine.

Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na historia hiyo, natoa mapendekezo machache ili wasomaji wayajadili.

Kwanza, tutenganishe "mimea" na "uoto". Mimea ni spishi zenyewe, zinazohesabika moja moja; uoto ni namna mimea hiyo inavyoifunika ardhi. Mahali panaweza kuwa na uoto mzito na mimea ya aina chache, kama shamba la misonobari.

Pili, kwa wingi wa aina za viumbe yanaandikwa maneno matatu: bioanuwai, bioanuai na bayoanuai. Napendelea "bioanuwai", kwa kuwa "anuwai" ni neno letu la siku nyingi na tahajia yake inajulikana. Shuleni mwalimu ataweza kulieleza kwa sehemu zake.

Tatu, "msitu" usibebeshwe kila kitu. Napendekeza "msitu uliofunga" kwa miti ambayo matawi yake yamekutana, "msitu wazi" kwa miti iliyoachana kama miombo, na "kichaka", "nyika" na "mbuga" vibaki na maana zake za asili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayofikia mita 5, ambayo vivuli vyake vinafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Hiyo ni kanuni ya kuhesabia. Mfasiri aitaje kuwa hivyo, asiiache ijifanye kuwa maana ya neno. Na shamba lililopumzishwa liitwe shamba lililopumzishwa.

Nne, kwa elimu ya kupima kitu bila kukigusa, "uhisi wa mbali" unafaa, kwa kuwa "kihisi" kimekwisha kukubalika kwa chombo chenyewe. Kwa vimraba vya picha, "pikseli" itumike katika vitabu vya utaalamu na "kimraba cha picha" katika mikutano ya vijiji.

Tano, kazi ya kwenda kulinganisha picha na hali halisi iitwe "uhakiki wa ardhini". Kiingereza huiita kwa maneno ambayo tafsiri yake sisisi ni "ukweli wa ardhi". Sisi tusiwaige. Hata aliyesimama ardhini huweza kukosea, nami ni shahidi. Kinachofanyika ni kuhakiki, si kuumiliki ukweli.

Hitimisho

Historia hii yatuonyesha kwamba vyombo vimebadilika mara nyingi katika miaka mia na ushei: miguu, reli, ndege, setilaiti. Lakini mwishoni mwa kila safari amesimama mtu mwenye jina la mmea mdomoni. Vyombo vya angani vitazidi kuwa vikali. Majina, kinyume chake, yanapungua kila azikwapo mzee aliyeyajua, na vitu vyenyewe vinapungua kila kipande cha msitu kinapofyekwa.

Nawaomba basi walimu walioko wilayani wafanye jambo moja dogo pamoja na wanafunzi wao: waandike majina ya mimea ya mahali pao, na kando ya kila jina waandike kijiji, lugha, na jina la aliyelisema akikubali litajwe. Waziache nafasi za Kilatini wazi, wataalamu watazijaza. Orodha hizo zikilifikia Baraza, zitafanyiwa kazi. Watumishi wa serikali nao, kabla ya kuchapisha ramani, wausome ufunguo wake kwa sauti mbele ya watu wa mahali hapo na kusikiliza wanavyouelewa.

Fomu yangu imekwisha kurekebishwa, na katika toleo la pili la ramani ile mashamba ya mzee yameandikwa kwa jina lake sahihi. Ilichukua miaka miwili kulibadilisha neno moja. Katika muda huo alikuwa hakulima hapo, kwa kuogopa kushtakiwa.